Dago: Kambi ya Wengi Katika Visiwa vya Kilwa

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Lindi kwa basi huvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Baadaye hupita Somanga, ambako harufu ya dagaa huingia dirishani kabla bahari haijaonekana. Mbele yake ni Nangurukuru, na ukikata kushoto unafika Kilwa Masoko. Wageni wengi huvuka hapo kwa mashua kwenda kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani ambayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ni safari njema. Lakini leo nataka tufike mahali ambapo hapana tiketi wala mtembeza wageni, nako ni dagoni.

Dago ni kambi ya wavuvi waliohama kwao kufuata samaki. Kaskazi ikianza kuvuma, mnamo Desemba, makundi hutoka vijijini na kwenda kupiga kambi katika visiwa na fukwe za mbali. Wengine hutoka Mafia, Unguja na hata Mtwara. Hujenga mabanda ya miti na makuti, wakaishi humo wiki au miezi. Kusi ikikaza, wengi hufunga virago.

Nimesikia kwamba katika nchi za baridi kuna vilabu vya watu wapendao kuteleza juu ya theluji. Wanachama huchanga, wakawa na nyumba yao mlimani, na kila mmoja ana zamu ya kupika na kusafisha. Hapa jirani, Klabu ya Milima ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949, ina vibanda vya wapandaji katika Mlima Kenya. Wao huenda kupumzika, na wavuvi wetu huenda kutafuta riziki. Hata hivyo, jambo la msingi ni lile lile: paa moja, watu wengi, na kila mtu ana wajibu wake.

Akina mama nao wapo dagoni. Wanaume huvua dagaa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga. Alfajiri vyombo vikirudi, kazi ya wanawake huanza. Huchemsha dagaa katika maji ya chumvi, huwaanika juani na kuwageuza, na wengi hulipwa kwa ndoo. Moshi huumiza macho na kifua. Ila nimewaona wajane na mabinti waliosomesha watoto kwa kazi hiyo.

Je, mtu hujiungaje? Katika dago nililolitembelea pamoja na wenzangu wa kanisani, tukiwa na sanduku la dawa, utaratibu ulikuwa huu. Mgeni lazima awe na mtu wa kumdhamini. Hutoa mchango wa maji, kwani maji huletwa kwa madumu kutoka ng'ambo. Huingia zamu ya kufagia na kuchota. Hana ruhusa ya kwenda haja ufukweni karibu na vichanja. Anayegombana mara tatu huondoshwa, awe mtu wa nani.

Siku tuliyokuwapo alifika binti mmoja na mtoto mgongoni, hana hata senti ya mchango. Mama mmoja wa makamo alisema, "Mwanangu, kaa. Utachota maji giza hili lote, utalipa giza likiisha." Wengine walinung'unika, lakini mwisho wakakubali.

Usiku wa pili mtoto yule akaanza kuharisha na kutapika. Kufikia usiku wa manane macho yalikuwa yameingia ndani, na ukimfinya ngozi ya tumbo, inachelewa kurudi. Tulianza kumpa maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, naye akayatapika. Ilibidi avushwe kwenda hospitali. Mashua ilikuwapo, mafuta hayakuwapo. Kila mtu alimtazama mwenzake: nani atoe mafuta kwa mtoto wa mgeni ambaye hata maji hajalipia?

Nahodha mmoja mzee alinyanyua dumu lake bila kusema neno. Tukavuka. Mtoto alitundikiwa maji, na siku ya tatu alikuwa ananyonya vizuri.

Tuliporudi, akina mama waliitisha kikao. Wakaamua kwamba kila ndoo ya dagaa itolewe kiasi kidogo kiwekwe kwa mtunza fedha, na kwamba dumu moja la mafuta lisiguswe ila kwa mgonjwa. Binti yule akawa wa kwanza kuchangia alipopata ujira wake.

Mama unayekwenda dagoni, au unayemwaga binti yako, shika haya machache. Pitia kliniki kwanza. Anayetumia dawa za kila siku aombe za kutosha muda wa safari, na mjamzito asisahau kadi yake wala asikae mbali siku zikikaribia. Beba chandarua. Chemsha maji ya kunywa. Weka pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Zikikosekana, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi. Mtoto anayetapika kila kitu, aliyelegea au asiyeweza kunyonya, mvushe upesi.

Sikiliza pia taarifa za hali ya hewa redioni. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua na upepo mkali pwani hii, hata barabara ikakatika maeneo ya Somanga. Upepo wa namna hiyo hauliachi banda la makuti.

Tena, kabla hujatua mzigo wako, uliza maswali matatu: maji yanatoka wapi, choo kiko wapi, na mafuta ya mgonjwa anayatunza nani? La tatu likikosa jibu, omba kikao siku hiyo hiyo, kabla vyombo havijatoka.