Kula Brussels bila kumaliza feza



Safari ya Ulaya ikitajwa katika kikundi, maswali ya kwanza huwa ni viza na tiketi. Juu ya chakula tunasema tu: «Nitafikia kwa mtoto, nitakula atakachokula.» Kumbe ni kwenye chakula ndiko feza inakopotelea, na ni kwenye chakula ndiko mgeni na mwenyeji wanakoanza kununiana bila kusemezana. Sisi walimu wawili wa Likasi tulikaa siku 14 Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, tukilala kwa ndugu yetu katika komini ya Anderlecht. Tunaandika tulivyopanga chakula, ili mama atakayepata safari, iwe ya kumwona mjukuu, ya matibabu au ya matanga, asirudi na deni.

Kabla ya kupanda ndege

Anayeomba viza ya Ubelgiji huonyesha kwamba ana feza ya kumtosha: euro 45 kwa siku akifikia kwa mtu, euro 95 kwa siku akilala hotelini. Hicho ni kipimo cha viza, si bei ya chakula. Mwenyeji naye anaweza kusaini karatasi ya kukubeba, ile tunayoiita prise en charge. Lakini karatasi hiyo haisemi nani atanunua mkate Jumatatu asubuhi.

Kwa hiyo tulimpigia ndugu yetu simu majuma matatu mbele. Kwetu mgeni haulizi habari za jungu la mwenye nyumba, ni aibu. Lakini dada huyo anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, na ana watoto watatu. Tukamwuliza wazi: kwako mnakula mara ngapi? Mnatumia kiasi gani kwa juma? Mwanzoni alicheka, akasema tusijali, tuje tu. Tulipouliza mara ya pili akanyamaza kidogo, kisha akatuambia hesabu yake yote. Baadaye alituambia kwamba mgeni aliyetangulia alikaa mwezi mzima bila kuuliza, na yeye akachelewa kulipa umeme. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la Brussels ni kikapu cha soko.

Wazee wetu waliofanya kazi Union Minière walipokea posho kila juma, na mama wa nyumba alijua kwamba unga na mafuta lazima vifike hadi posho inayofuata. Sisi tulirudi kwenye hesabu hiyo ya mababu. Kila mmoja wetu aliweka euro 12 kwa siku: 8 za jungu la nyumba, 4 za kula nje. Kwa siku 14 ni euro 168. Tukaongeza 20 za mlo mmoja wa furaha, jumla 188. Tuligawa katika bahasha tatu: juma la kwanza 84, juma la pili 84, na ile ya furaha 20. Bahasha ya juma la pili haikufunguliwa kabla ya siku yake.

Angalieni pia mizigo. Kutoka Kongo hairuhusiwi kuingiza Ulaya nyama wala maziwa, hata kidogo, hata ikiwa imekaushwa. Mboga mbichi, pamoja na majani ya sombe, zinahitaji cheti cha afya ya mimea. Vitu hivyo vikikamatwa kwenye uwanja wa ndege vinatupwa, nawe uliishavinunua. Samaki waliokaushwa wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa msafiri. Tulibeba kapenta, tukawafunga vizuri, na mboga ya siku nne ikapatikana.

Msigeuze kila bei

Adui wa kwanza wa msafiri yumo kichwani mwake. Unaona pakiti ya viazi vya kukaanga kwa euro 4 au 5, unageuza kuwa franka, na meka za unga zinaanza kupita mbele ya macho. Unaacha. Unaona kahawa kwa euro 3, unageuza, unaacha. Mchana unafika hujala. Tulikutana na mama mmoja, mgeni kama sisi, mwenye ugonjwa wa sukari. Alikuwa ametembea tangu asubuhi bila kitu tumboni kwa sababu kila bei ilimuumiza. Alianguka karibu na kituo cha gari-moshi, na watu wakaita gari la wagonjwa. Hesabu ya kugeuza feza hufanywa mara moja tu, nyumbani Likasi, siku ya kujaza bahasha. Ukishafika, euro 12 ni euro 12, nawe una haki ya kuzila.

Sokoni

Karibu na tulipolala kuna soko la Abattoirs, linalofunguka Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Liko chini ya paa kubwa la chuma lililojengwa mwaka 1890, kabla Union Minière haijazaliwa mwaka 1906. Mlangoni wamesimama ng'ombe-dume wawili wa bronzi, ile shaba iliyochanganywa na bati, na sisi watu wa mji wa shaba tuliwatazama sana. Ndani kuna kuku, samaki, ndizi za kupika, pilipili na viazi vitamu. Wauzaji na wanunuzi wametoka kila pembe ya dunia, na tulisikia Kilingala mara nyingi.

Soko la pili ni la Midi, kandokando ya kituo kikubwa cha gari-moshi, Jumapili asubuhi. Hapo mama wa Kikula angejisikia nyumbani: makelele, kusukumana, nyanya zimepangwa mafungu. Siri ni saa. Asubuhi mapema unapata vitu vizuri na nafasi ya kuchagua. Ukienda karibu na saa saba mchana, wauzaji hawataki kurudisha mzigo, wanapaaza sauti: «Euro moja! Euro moja!» na bakuli zima la pilipili au maembe laini linakuwa lako. Vitu hivyo havingoji hadi kesho. Nunueni vile vitakavyopikwa siku hiyo.

Mchele, maharagi, mayai na mafuta tulinunua katika maduka makubwa ya bei nafuu. Nendeni na mfuko wenu, kwani mfuko wa dukani unalipiwa. Na msishangae senti zikibadilika: tangu Desemba 2019, ukilipa kwa feza taslimu, jumla inasogezwa hadi senti 5 iliyo karibu. Maduka mengi yanafunga jioni mapema, na Jumapili mengine hayafunguki kabisa. Anayesahau chumvi ataishia kwenye kibutiki cha usiku, ambako bei imepanda.

Matonge

Bahasha ya furaha tuliifungulia Matonge. Ni mtaa wa komini ya Ixelles, karibu na Porte de Namur, uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Ulianza kuchangamka miaka ya 1960, wanafunzi Wakongo walipokuja kusoma na kulala karibu na hapo. Leo kuna wasusi wa nywele, wauza vitenge, na maduka yenye makayabu, sombe iliyogandishwa na mafuta ya ngazi. Moyo unafurahi, lakini mfuko uwe macho. Sombe iliyosafiri kwa ndege haiwezi kuwa na bei ya sombe ya Panda. Tulinunua pakiti moja tu, tukaipika kwa karanga, ikatosha watu sita.

Kisha tukaketi, tukala kuku wa moambe. Sahani moja ilikuwa euro 17, na tuliilipa bila kugeuza. Kumbukeni mambo mawili. Katika resto za Ubelgiji malipo ya mhudumu yamo ndani ya bei, si lazima kuongeza. Na maji mezani ni ya kununua, mara nyingi bei ya kahawa. Maji ya bomba ya Brussels ni safi ya kunywa, kwa hiyo siku nyingine zote tulitembea na chupa tuliyoijaza nyumbani, pamoja na mkate wenye yai. Mchana tuliketi kwenye bustani na wafanyakazi wengi wa mji, nao wakila mkate wao kutoka mfukoni. Hakuna aliyetucheka.

Jungu la pamoja

Jioni dada aliporudi, bukari ilikuwa mezani. Hicho ndicho tulichompa zaidi ya euro 8 kila mmoja. Mtu anayesimama mchana kutwa akiinua wazee, kumkuta mtu amepika ni pumziko. Tulipika mara moja kwa siku mbili, tukaweka akiba kwenye friji, na watoto wake waliozoea mkate na jamu wakajifunza kukanda tonge. Siku ya kumi, yeye mwenyewe aliongea juu ya feza bila sisi kuuliza: akatuonyesha bili ya umeme, imelipwa kwa siku yake.

Wamama, anayejinyima chakula hasaidii nyumba, na anayekula bila kuuliza anaibebesha mzigo. Ulizeni mapema, jazeni bahasha, mshike kikapu. Sisi tulirudi Likasi kila mmoja na euro 23. Hazikuingia kwenye zawadi za uwanja wa ndege. Ziliingia kwenye likelemba, ambako zamu ilikuwa ya mama mwenye watoto wawili wa sekondari wanaongoja kulipiwa masomo.