Ukimaliza wa Mwisho, Umefaidi Nini?

Wako watu wanaodhani kwamba mashindano ya baiskeli humfaidi mtu mmoja tu, yule anayefika wa kwanza. Wengine wote, husema wao, wamejichosha bure. Mimi nikaaye hapa Kisian, na ambaye kwa miaka mingi nimeshindana na vijana wa klabu za huku Kisumu bila kutwaa kikombe hata kimoja, nayakataa maoni hayo.

Nayaandika haya kwa sababu ya mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari. Baada ya kumaliza wa mwisho mara tatu mfululizo, alinijia akaniuliza, "Mjomba, niiuze hii baiskeli?" Nami nikamwuliza alikuwa akienda kufanya nini katika mashindano hayo. "Kushinda," akajibu. Basi tatizo lilikuwa hapo. Shindano la klabu ni darasa, na mwanafunzi hujifunza somo moja kwa wakati mmoja.

Somo la kwanza ni upepo. Ukimfuata mwenzako kwa karibu, yeye ndiye anayepasua upepo, na kwa mwendo wa kasi waweza kupunguziwa kazi hata kwa robo nzima. Huku kwetu asubuhi huwa shwari, lakini baada ya adhuhuri upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Ukielekea Bondo ziwa liko kushoto kwako, kwa hiyo kinga utaipata nyuma ya mwenzako, kidogo upande wa kulia. Lakini tahadhari! Barabara haifungwi kwa ajili yetu. Usiitafute nafuu hiyo hadi katikati ya njia, kwenye matatu na malori. Hakuna mazoezi yenye thamani kuliko uhai wako.

Somo la pili ni mlima. Hapa Kisian barabara hugawanyika. Moja huenda Bondo, nyingine hupanda kwenda Maseno na Busia. Ziwa letu liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Maseno, inakopita Ikweta, hukaribia mita 1,500. Vijana wengi huwakimbilia wenye nguvu tangu chini, na kabla ya nusu ya njia pumzi imekwisha. Wewe fanya hivi: kabla mwinuko haujaanza, sogea mbele ya kundi. Kisha panda kwa pumzi yako mwenyewe. Hata wakikupita kumi, utafika juu ukiwa bado na wenzako.

Je, ukiachwa? Usishuke, wala usigeuze baiskeli. Watafute wawili watatu walioachwa kama wewe, mpokezane kukaa mbele, kila mtu dakika moja. Saa moja ya kazi hiyo itakujenga kuliko saa mbili za kuzunguka peke yako, kwa maana mtu akiwa peke yake hujionea huruma.

Somo la tatu ni ujasiri. Katika mashindano madogo huna cha kupoteza. Chomoka mahali ambapo hakuna anayekutazamia, uone miguu yako itakufikisha wapi. Huenda ukakamatwa baada ya kilomita mbili; mara nyingine zitakuwa tatu. Hayo huwezi kuyajua ukijificha nyuma siku zote.

Aidha, usisahau tumbo. Joto la huku halina mzaha. Kunywa maji kabla ya kiu, na ndizi ile kabla ya njaa, huku ukiendesha. Nenda mwanzoni mwa shindano kwa baiskeli yako, ili mwili upate joto. Siku mbili zinazofuata endesha polepole tu, kwani nguvu hujengeka wakati wa kupumzika. Kisha andika katika daftari: niliachwa wapi, na kwa nini?

Wazazi nao hulalamika kwamba huu ni mchezo wa kupoteza wakati. Naam, ni kweli kwamba masomo yatangulie. Lakini kumbukeni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Ujanani aliendesha pamoja na David Kinjah na vijana wake wa Kikuyu, akiwafukuza watu waliomzidi nguvu. Baadaye alishinda Tour de France mara 4, katika miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Na mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Mchezo huu si wa Wazungu peke yao.

Si kila kijana atakuwa Froome, na mpwa wangu huenda asiwe. Katika shindano lake la nne alimaliza tena nyuma. Hata hivyo alikuja na daftari lake, akanionyesha: safari hii aliachwa karibu na kilele, mahali ambapo zamani asingefika akiwa na kundi. Baiskeli haijauzwa.

Basi, msomaji, Jumapili ijayo ukienda kushindana, chagua somo lako kabla filimbi haijalia. Kikombe ni kimoja, lakini mafunzo yanawatosha wote.