Nyasubi na Watakatifu Waliohamishwa

Kahama haina mlima wa kupiga nao picha wala ufukwe. Ina barabara. Malori yaendayo Rusumo na Kabanga, yakipeleka shehena Rwanda na Burundi, hupita usiku na mchana, na kila linalosimama huacha kitu: hela, matope, habari. Wasafiri wengi hulala hapa usiku mmoja, wakaondoka alfajiri wakisema Kahama ni stendi. Hao hawajafika Nyasubi.

Nyasubi ni kata ya mjini ambayo shamba bado halijaiaga. Mji wenyewe ulipandishwa kuwa manispaa mwaka 2021, lakini habari hizo ng'ombe hawajapewa. Wanavuka barabara wanapotaka, na bodaboda wanasubiri. Asubuhi zina salamu mbili. Mzee unamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anakutupia "mwangaluka" na kukutazama usoni aone utafanya nini. Ukiitikia sawasawa umekwisha kuwa mtu wa hapa. Ukibabaika, watoto walio karibu watakucheka bila kificho, na mzee mwenyewe hatawakataza.

Sokoni, mwite mama muuzaji "mayu" kabla hujauliza bei. Mchele unapimwa kwa kilo au kwa sado, lile kopo la rangi ambalo sasa ni kipimo kinachoheshimika kuliko mizani, na ufundi wote uko kwenye kilele: muuzaji mkarimu hujaza mpaka punje zinamwagika, mbahili hupitisha kiganja juu. Mchele huu unatoka kwenye majaruba ya hapahapa, kwenye udongo mweusi wa mbugani unaoshika maji. Pembeni yake kuna michembe na matobolwa, na mgeni asiyejua tofauti ataaibika. Viazi vitamu vikikatwa vibichi na kuanikwa mpaka vikauke kama magome ya mti, hiyo ni michembe. Hupikwa na karanga zilizotwangwa, na hapo ndipo njaa ya kiangazi inaposhindwa. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, hayo ni matobolwa, ya kutafuna njiani. Mimi niko upande wa matobolwa. Wapo watakaobisha.

Halafu wanapita wanafunzi, mashati meupe, mmoja na fagio, mwingine na dumu la maji. Maji hayo yana historia yake. Kabla ya mwaka 2009, mradi wa Ziwa Victoria ulipofika kutoka Ihelele, ukanda wote wa Shinyanga na Kahama ulikuwa ukihangaika na visima na malambo, na mtoto wa kike ndiye aliyelipa kwa masaa yake ya masomo. Ukimwona leo binti wa sekondari akiwahi namba badala ya kuwahi kisima, hilo nalo ni jambo la kusifia mahali.

Shule ya sekondari ya umma ya hapa inaitwa Nyasubi. Basi. Haina mtakatifu, haina waziri, haina mfadhili. Unaweza kudhani ni uvivu wa kufikiri. Mimi naona ni bahati, na sababu yake iko kusini, Tabora, ambako vijana wa pande hizi walikuwa wakipelekwa kusoma enzi ambazo sekondari zilihesabika kwa vidole.

Pale Mapadri Weupe walikuwa na shule iliyoitwa St. Mary's. Mwalimu Nyerere, alipotoka Makerere, aliitwa na shule mbili: ya serikali, aliyosoma mwenyewe tangu 1937, na hii ya mapadri. Akachagua ya mapadri, akafundisha kuanzia 1946 mpaka alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Kila kitabu cha maisha yake kina jina hilo, St. Mary's. Lakini ukienda Tabora leo kuitafuta, utaonyeshwa Shule ya Sekondari Milambo.

Kilichotokea ni sera. Baada ya Azimio la Arusha, Sheria ya Elimu ya 1969 iliweka shule za madhehebu na za jumuiya mikononi mwa serikali, na watakatifu wakaanza kuhamishwa. St. Francis ikabaki Pugu, St. Andrew's ikabaki Minaki. Iringa, St. Michael's and St. George's, iliyojengewa watoto wa Kizungu, nayo ilipewa jina la Mkwawa. Dar es Salaam, shule ya Aga Khan ikawa Tambaza. Kwa serikali changa hilo lilikuwa tendo la kujitawala. Kwa waliojenga na kusomea humo, lilikuwa ni kubadilishiwa cheti cha kuzaliwa ukubwani. Pande zote mbili zina hoja, na aliyepaswa kuamua nani ana hoja zaidi ndiye huyohuyo mmoja: mwalimu wa zamani wa St. Mary's, wakati huo akiwa Rais.

Na jina lililochaguliwa Tabora lilikuwa zito. Mtemi wa Urambo aliyefariki Desemba 1884 alizaliwa akiitwa Mtyela Kasanda. Milambo ni jina la vita. Wengi hulieleza kuwa ni maiti. Alifunga njia ya misafara ya Waarabu wa Tabora kuanzia 1871, akawapiga pamoja na msafiri Stanley, aliyejiunga upande wao. Miaka mitano baadaye, Aprili 1876, katika nchi ya Wasumbwa, watu hao wawili wakachanjiana undugu. Majeshi yake yalifika hadi Ukune, ambayo ni Kahama hii. Kwa hiyo kijana wa Ukune aliyefaulu na kupelekwa Tabora alivaa kifuani jina la mtu aliyewakimbiza mababu zake porini. Mama wa Mungu akaondoka mlangoni, akaingia bwana wa maiti. Sidhani kama waliotia saini waliliona hivyo. Wao walimwona shujaa aliyewazuia wageni, na shujaa alikuwa.

Kisha kuna herufi. Kinyamwezi, kama Kisukuma, hakina haja ya r, kina l. Bibi wa Urambo husema Milambo, na shule imeandika kama bibi. Vitabu vya wageni viliandika Mirambo, na serikali ikafuata vitabu: Benki Kuu, Dar es Salaam, iko Mtaa wa Mirambo. Mtu mmoja, herufi mbili, na ubishi wake haujaisha kwa sababu kila upande una kibao cha kuonyesha.

Nyasubi imeepuka yote hayo, kwa kuwa ina jina la kata tu. Sekondari nchini zilikuwa 1,745 mwaka 2005. Mwaka 2009 zilifika 4,102. Kila kata iliambiwa ijenge, wananchi wakabeba mawe, mchanga na maji, wakapandisha kuta, na kwa haraka ile nani angekaa kutafuta mtakatifu? Jina la kata likatosha. Zilipofunguliwa, nyingi hazikuwa na maabara, walimu walikuwa wawili watatu, na mjini wakazicheka: yeboyebo, wakasema, kwa jina la viatu vya bei poa. Baadaye likaja la kukera zaidi. Wazazi wenye watoto kwenye ingilishi midiamu, ambako karibu kila lango lina "St.", wakazibatiza shule za umma zote kwa mkupuo: St. Kayumba.

Yaani serikali iliwatoa watakatifu kwenye shule zake, na watu wakaichongea mmoja wa dhihaka. Nacheka kila nikilisikia, kisha nakasirika kidogo. Tangu Januari 2016 ada ilipofutwa, Kayumba ndiye anayebeba watoto wa nchi hii, na wengi wanaolitamka jina hilo kwa dharau walisomeshwa naye.

Katika manispaa hiihii kuna kata inaitwa Mwendakulima. Ndani yake ndiko kulikochimbwa mgodi wa Buzwagi, uliofunguliwa 2009 na kufungwa baada ya miaka kama kumi na miwili. Dhahabu ilikuja, vyumba vikapangishwa kwa bei ya juu, dhahabu ikaisha, na eneo la mgodi sasa linatayarishwa kwa viwanda. Kampuni iliyouchimba ilibadili jina njiani. Kata haikubadili lake, na mvua zikinyesha wakazi wake wanafanya kile kile jina linachosema.

Njoo Kahama baada ya mavuno, mchele mpya unapotoka mashineni na unanukia hadi barabarani. Kaa Nyasubi siku mbili, jifunze kuitikia mwangaluka. Ukitaka kuendelea Tabora, basi hupitia Nzega. Ukishuka, mwambie bodaboda akupeleke Milambo, na usisahau kuongeza neno "shule", maana Tabora ina kambi ya jeshi yenye jina la mtemi huyohuyo, kwa r, na getini hawapendi watalii.