Gramu 600

Kilo 114.8. Niliandika namba hiyo ubaoni usiku wa manane, nikaipigia mstari mara mbili, nikalala na viatu.

Kwa tasnifu yangu ya uzamili ninasanifu traiki ya mtu mmoja: kigari cha magurudumu matatu chenye kiti, na injini na pangaboi nyuma yake, kinachoning'inia chini ya bawa la kitambaa. Haina mkia. Rubani hushika upau ulio mbele ya kifua: akiusukuma, pua inapanda, akiuvuta, mwendo unaongezeka, akihamishia uzito wake kulia, ndege inakata kona kulia. Kikomo nilikiazima kwenye sheria ya Marekani ya 1982: bila mafuta, ndege ya aina hii isifike pauni 254, yaani kilo 115 na ushee.

Mwezi mzima nilikuwa nawinda gramu. Za mwisho nilizipata juu kabisa, pale bawa linaposhikana na kigari. Kigari chote, pamoja na rubani, kinaning'inia kwenye bolti moja. Sambamba nayo hupitishwa waya wa chuma wa akiba, ambao siku zote njema haubebi kitu. Niliutoa pamoja na vibano vyake. Gramu 600. Hesabu ilinikubalia: hata kwenye kona ya digrii 60, ambako kila kitu huwa kizito mara mbili, bolti ilibaki na nguvu tele.

Wikiendi nilikwenda nyumbani. Mama ni fundi cherehani, hushona sare za shule, na nilitaka maoni yake kuhusu mishono ya bawa. Nikamsimulia habari za Gertrude Rogallo, ambaye mwaka 1948 alishona mapazia ya jikoni yakawa bawa la kujaribia wazo lake na mumewe Francis. Bawa la traiki ni mjukuu wa mapazia hayo.

"Na jikoni wakabaki wazi?" Mama alicheka. Kisha akavaa miwani, akaweka kidole kwenye bolti yangu. "Hii ikikatika?"

"Haikatiki, mama. Nimepiga hesabu."

Akachukua suruali ya mtoto wa darasa la pili, akaigeuza, akanionyesha mshono wa makalioni. Nyuzi zilipita mara mbili, sambamba.

"Wa kwanza nao haukatiki," alisema. "Halafu umesema ni ya mtu mmoja. Huyo mtu ni nani?"

Kwenye jedwali langu anaitwa "rubani, kilo 80". Sikuwa na jina lingine la kumpa. Kwa miezi yote hiyo sikuwahi kujiuliza kama mimi mwenyewe ningekaa kwenye kile kiti. Nikajiuliza palepale, vipande vya kitambaa vikiwa miguuni. Jibu lilikuwa hapana.

Niliurudisha waya. Kilo 115.4. Nikamwandikia msimamizi wangu kwamba namba niliyomtumia ilikuwa sahihi, ila ndege yenyewe nisingeipanda, na kwamba ripoti ingechelewa wiki mbili. Siku hizo nilizitumia kuondoa starta ya umeme na betri yake. Injini sasa itawashwa kwa kuvuta kamba, kama jenereta.

Nilipompigia mama kumweleza, alinyamaza kidogo.

"Na kamba hiyo ni moja?"

"Ni moja. Lakini ikikatika kabla ya kuruka, mtu anabaki chini."

"Hapo sawa," alisema, na cherehani ikaendelea kulia.