Nilipoacha Kusali, Umri Wangu Ulibadilika

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Ifakara, na nina miaka 65. Nililelewa Mkatoliki, nikasali ujana wangu wote na utu uzima wangu karibu wote, na nilipofikisha miaka 55 nikaacha. Natoa ushuhuda huu kwa sababu shuhuda tunazozisikia huku Bonde la Kilombero ni za watu waliookoka. Aliyetoka hukaa kimya, na kwa kuwa amekaa kimya watu humhesabu kuwa amepotea. Mimi sikupotea. Mengi yamebaki kama yalivyokuwa: mume wangu ni yuleyule, shamba ni lilelile, majirani ni walewale. Kilichobadilika kuliko vyote ni namna ninavyouona umri, wangu na wa wengine.

Nilizaliwa mwaka 1960 kule juu, upande wa Mahenge, nyumbani, mikononi mwa bibi yangu mzaa baba. Hakuna ofisi ya serikali iliyoandika siku ile. Iliandikwa kwenye daftari la ubatizo. Wamisionari Wabenediktini walifika Kwiro, hukohuko Mahenge, mwaka 1902, wakafuatiwa baadaye na Wakapuchini wa Uswisi, na kwa watu wengi wa rika langu cheti cha ubatizo ndicho kilichokuwa cheti cha kuzaliwa. Nilikipeleka chuo cha ualimu, nikakipeleka kazini, na tarehe iliyoandikwa humo ndiyo iliyonistaafisha nilipotimiza miaka 60. Kwa hiyo hata leo, nikiulizwa umri wangu, najibu kwa tarehe niliyopewa na Kanisa. Nalishukuru kwa hilo, na sisemi kwa unafiki.

Lakini Kanisa halikuandika umri tu. Liliupanga. Kila rika lina chama chake: mtoto ana Utoto Mtakatifu, kijana ana VIWAWA, mama ana WAWATA, baba ana UWAKA. Kuna komunyo ya kwanza, kuna kipaimara, kuna ndoa, na wenye bahati hufika jubilei ya ndoa wakasimamishwa mbele ya altare wakapigiwa vigelegele. Kila umri una kitenge chake na nyimbo zake. Mwaka 2012, Jimbo la Ifakara lilipomegwa kutoka Jimbo la Mahenge, nilikuwa mmoja wa akina mama walioimba mpaka sauti zikakauka. Nilijua nilipo na nilijua kinachofuata. Baada ya WAWATA kulikuwa na uzee, na uzee ulikuwa kungoja tu, kwa sababu maisha yenyewe yalikuwa upande wa pili.

Mwaka 1986 nilifiwa na mwanangu wa kiume, ana miaka miwili. Anayelijua bonde hili anajua msimu wa mpunga ulivyo. Familia huhamia mashamba ya mbali, ng'ambo ya mto, hukaa kwenye vibanda tangu kupanda mpaka kuvuna, kufukuza ndege na nguruwe. Mbu huko hawana mfano. Homa ilimpanda jioni, usiku degedege likamshika, na mtumbwi ulipogusa ukingo wa upande wa mjini alikuwa ameshatutoka.

Msibani niliambiwa maneno ambayo kila mama wa bonde hili aliyezika mtoto ameambiwa: umri wake ulikuwa umeishia hapo, Mungu alimkadiria miaka miwili. Sitasema kwamba maneno yale hayakunisaidia. Yalinisimamisha. Na yalinipa kitu kingine ambacho sikumwambia mtu: nilimhesabia mwanangu umri wake huko aliko. Kila mwaka mwezi wake ulipofika nilimwongezea mwaka. Alipotimiza 7 nikamwona anaanza shule. Alipotimiza 20 nikamwona ana ndevu kama za baba yake. Alikua, ila hakukua machoni pangu.

Miaka kumi baada ya msiba huo, mwaka 1996, watu wa kituo cha utafiti walianza kuhesabu kaya. Kituo chenyewe ni cha siku nyingi. Kilianzishwa mwaka 1957 na Profesa Rudolf Geigy wa Basel, na leo ndicho Taasisi ya Afya Ifakara. Wahesabuji walipita vijiji vya Kilombero na Ulanga nyumba kwa nyumba, kisha wakawa wanarudi kila baada ya miezi minne: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Nilikuwepo siku walipomfikia mama mkwe wangu. Walimuuliza mwaka wa kuzaliwa, hakuwa nao. Wakaanza kuutafuta kwa matukio: baba yako alisimulia nini kuhusu Majimaji? Mafuriko makubwa yalikukuta umeolewa? Wachina walipojenga reli ya TAZARA ulikuwa na watoto wangapi? Nikawatazama wanavyouandika umri wa mtu bila kumtaja Mungu hata mara moja, kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kila mwaka wa mwanamke yule asiyejua kusoma ulikuwa na thamani.

Kisha vikaja vyandarua vyenye dawa, na mpaka mwisho wa miaka ya 1990 vilikuwa vimeenea katika vijiji vyetu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne, kuishi kulionekana kupanda kwa asilimia 27 kwa wale waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, namba huwa siipiti tu. Ile nililala nayo na kuamka nayo. Kama umri wa mtoto unakadiriwa kabla hajazaliwa, kitambaa chenye matundu kinauongezaje?

Nilimuuliza padre mmoja, mtu mpole sana. Akaniambia Mungu hufanya kazi kwa mikono ya watu. Ni jibu zuri, na niliishi nalo zaidi ya miaka kumi. Mwisho likanielemea, kwa sababu kila niliposali nilijikuta nauliza kwa nini mwaka 1986 hapakuwa na mkono wa kutumwa. Sikugombana na mtu. Hakuna padre aliyenikosea wala jumuiya iliyonitenga. Nilifika mahali nikiitikia sala midomo inatembea peke yake, na nikaona ni heshima zaidi, kwao na kwangu, kunyamaza.

Ndipo umri ukanigeukia.

Kwanza ilikuwa hofu. Zaburi ya 90 inataja miaka 70, au 80 kwa mwenye nguvu. Nilipokuwa muumini nilizisoma namba hizo kama utangulizi. Sasa ndizo zilikuwa kitabu chote, na kurasa zilizobaki zilikuwa chache. Nikawa naamka usiku nikihesabu. Watu wanaodhani mtu huacha dini ili astarehe hawajui usiku huo.

Kilichouma zaidi ni mwanangu. Mwaka ule niliotoka nilikuwa nimeshamfikisha miaka 31. Mtu mzima, pengine na watoto. Nilipoacha kuamini, alirudi kuwa na miaka miwili, na safari hii nilijua hataongeza. Nilimlilia upya, bila msiba, bila wifi wa kunishika mkono, kwa sababu ningewaelezaje watu kwamba nimefiwa leo na mtoto niliyemzika mwaka 1986? Huzuni hiyo ilichukua muda mrefu. Ilipotulia iliniachia jambo ambalo sikulitegemea: nilimkumbuka alivyokuwa hasa. Alivyopenda ukoko wa wali. Alivyokuwa akimwita mbuzi kwa jina la shangazi yake. Yule kijana wa ndevu niliyemkuza kichwani alikuwa amemfunika mtoto wangu wa kweli, na miaka yake miwili, niliyoiona kama maisha yaliyokatwa, nikaona kwamba ilikuwa maisha, aliyaishi, na mimi nilikuwepo.

Tangu hapo singoji tena. Daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018, kuvuka Mto Kilombero kukawa jambo la dakika chache, nami nikarudi kulima kipande chetu cha ng'ambo ambacho nilikiepuka miaka mingi. Napima presha. Najifunza kutengeneza simu za wajukuu zinapoharibika, jambo ambalo zamani ningeliona halina maana kwa mtu wa umri wangu.

Mume wangu bado anasali. Asubuhi anashika rozari, mimi nabandika chai. Ananiambia, "Mwalimu, mimi na wewe tutakutana huko huko." Simjibu kwa ubishi. Namwambia tumekutana hapa tayari, anywe chai kabla haijapoa. Yeye anauona uzee wetu kama mapumziko ya kabla ya safari, mimi nauona kama saa za mwisho za mchana ambazo kazi bado inaonekana. Tunapendana hivyo hivyo.

Ila kuna hatari, na ni lazima niiseme. Huku kwetu bibi mwenye mvi, macho mekundu ya moshi wa kuni, asiyeonekana kanisani wala msikitini, huanza kuulizwa kimya kimya anasali kwa nani. Bonde hili na nchi ya Ulanga vina historia ndefu ya wazee kushukiwa uchawi na kupelekwa kunyolewa nywele ili nguvu ziwatoke. Tumepeleka mama zetu wenyewe. Na shutuma mara nyingi ni ya umri: huyu mbona haondoki wakati vijana wanaondoka? Lazima anakula miaka ya wajukuu. Binti mmoja wa jirani aliyefiwa na mtoto aliacha kunisalimia. Nilimfuata. Aliniamkia shikamoo kwa shida, nikaitikia, nikamweleza habari za mwanangu, za mtumbwi na degedege. Tulilia wote. Sikumzungumzia Mungu. Nilimwambia miaka haihami kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na kwamba hakuna aliyeichukua ya mwanawe.

Wengine huniuliza nani atanizika. Ni swali la haki, maana kwetu mazishi ni ya jumuiya. Nipo katika chama cha kufa na kuzikana cha mtaa, chenye Wakristo na Waislamu, natoa mchango wangu kila mwezi na nafika kwenye kila msiba mapema kuosha vyombo. Watanizika.

Sasa neno langu. Tumezoea kusema mzee amejaliwa umri, tukaishia hapo, na aliyejaliwa tunamwacha na njaa yake. Umri niliouona ukiongezeka bondeni uliongezwa na wakunga, wauguzi, watia dawa vyandarua na watoza kodi. Kama ni watu waliouongeza, ni watu wanaopaswa kuulisha. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, na haimuulizi anasali wapi. Mimi nina pensheni ya ualimu. Mwanamke niliyelima naye mpunga maisha yote, aliyezaa kibandani na kuzika kando ya mto, hana kitu. Waheshimiwa wabunge wa Kilombero, Mlimba, Ulanga na Malinyi, lipelekeni jambo hili Dodoma: Bara nayo iwalipe wazee wake wote.