Barua kutoka Texas: Mpwa Wangu na C+ ya Hesabu

Dada yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kazini, nikausikiliza tena nilipofika nyumbani. Unasema kijana amepata B- kwa jumla. Kiswahili A-, Kiingereza B, lakini hesabu na fizikia zote C+. Unasema anachotaka ni sayansi ya kompyuta, hataki kusikia jina la kozi nyingine, na kwamba kuna mtu hapo mjini amewaambia kwa alama hizo Marekani asahau, ila yeye akilipwa atamtafutia nafasi. Nakujibu kwa urefu kwa sababu vijana wenye swali kama lake nakaa nao hapa kila mwaka ukifika msimu wa maombi, na inaniuma kuona wazazi wanavyochezewa.

Huyo mtu msimpe hata shilingi. Fomu za vyuo vya huku hujazwa na mwanafunzi mwenyewe, kwa barua pepe yake mwenyewe, na majibu humfikia yeye. Mkitaka ushauri, ubalozi wa Marekani pale Nairobi una kituo cha EducationUSA, na ushauri wao haulipiwi. Wakala anayeahidi nafasi anauza kitu ambacho hanacho.

Tuje kwenye alama. Sisi tumekulia katika nchi ambayo wiki chache za mwisho wa mwaka zinaamua mtoto atakuwa nani. Huku anayesoma faili la mwombaji anaona miaka minne ya sekondari, muhula kwa muhula, somo kwa somo. Mtoto aliyeanza vibaya akapanda anaonekana kwamba amepanda. Na herufi za KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, hazisomwi kana kwamba ni herufi za shule ya hapa Dallas. C+ ya kwetu ndiyo gredi inayomfungulia mtu mlango wa shahada. C ya shule ya huku, ambako A hutolewa kwa wingi, humtia mzazi wasiwasi. Vyuo vilivyozoea wanafunzi wa kigeni vina watu wanaojua tofauti hiyo, na vingine huomba vyeti vipitie kwanza kwa shirika la tathmini kama World Education Services. Kwa hiyo mpwa wangu asikae akajigeuzia alama zake kuwa GPA ya Kimarekani. Aziandike kama zilivyo kwenye cheti.

Hapo nimekupa moyo, dada, na sasa lazima nikwambie lililo gumu. Kompyuta haiombwi kama kozi nyingine. Hapa Texas kuna sheria ya mwaka 1997 inayosema mwanafunzi wa jimbo hili aliyemaliza katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake anaingia chuo kikuu cha umma bila kujadiliwa. Chuo Kikuu cha Texas pale Austin kilifurika hadi kikaruhusiwa kupunguza kiwango chake. Kwa miaka kadhaa kilikuwa asilimia 6, na kwa wanaoingia mwaka 2026 ni asilimia 5. Lakini sheria inampa mtoto chuo, haimpi kozi. Anaweza kuwa wa kwanza shuleni kwao, akapata Austin, akakosa kompyuta. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle nacho huchagua wengi wa wanafunzi wake wa kompyuta moja kwa moja kutoka sekondari, na huwaonya waombaji kwamba aliyeingia kwa kozi nyingine asitegemee kuhamia.

Ndiyo maana kijana akinijia na orodha ya vyuo vyenye majina, swali langu la kwanza huwa: ukishaingia chuo hiki, kwenye kozi yenyewe utaingiaje? Wengi hawajawahi kulifikiria. Wanajua nembo na rangi ya fulana, hawajui kama kompyuta inaombwa siku ya kwanza, au baada ya mwaka mmoja, wala wanahitaji alama gani katika somo lipi. Habari hizo zote zimeandikwa kwenye kurasa za idara. Zinasomwa jioni moja.

Kwa wenye alama za wastani, mlango ninaouamini ni vyuo vya jamii. Ni vyuo vya umma vya miaka miwili, ada yake ni ndogo, na havimkatai mtu kwa sababu ya gredi za sekondari. Mwanafunzi husoma hapo masomo ya mwanzo ya shahada, kisha huhamia chuo kikuu kumalizia miaka miwili. Hapa Dallas vyuo saba vya namna hiyo viliunganishwa mwaka 2020 vikawa kimoja, Dallas College, na kwa miaka kadhaa tangu hapo mkazi wa kaunti alilipa dola 79 kwa kila krediti. Texas imeyapa masomo haya namba za pamoja, hivyo COSC 1436, somo la mwanzo la kuandika programu, linatambulika kwa namba hiyo hiyo katika vyuo vya umma vya jimbo zima. Vivyo hivyo MATH 2413, ambayo ni kalkulasi ya kwanza. Mwanafunzi akishakusanya krediti za kutosha, vyuo vikuu vingi hutazama alama zake za chuoni kuliko za sekondari. Ile B- ya zamani inabaki kwenye makaratasi, lakini si yenye neno la mwisho tena.

Nikusimulie kuhusu kijana mmoja hapa mtaani kwetu. Ni Mkongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na Kiswahili chake cha Kivu kimechanganyika na cha Kigoma hadi ukimsikia huwezi kumpangia kwao. Aliingia sekondari ya hapa akiwa Kiingereza hajakishika. Mwaka wa kwanza alifeli masomo, wa pili akapata C, wa mwisho akapata B na A mbili tatu. Ukijumlisha na kugawanya, wastani wake ulikuwa mdogo. Chuo kikuu kimoja kikubwa kikamkataa, na akaja kwangu na insha ya maombi akitaka nimsaidie kuisafisha apeleke kwingine.

Insha ilianza kwa kusema tangu utotoni aliipenda teknolojia. Nikamuuliza teknolojia gani ilikuwepo Nyarugusu. Akacheka, kisha akanieleza kwamba yeye na kaka yake walikuwa na paneli ya sola, wakichaji simu za watu kwa malipo. Watu waligombana kwa sababu simu zilifanana na majina yalifanana. Yeye ndiye aliyenunua daftari, akalipiga mistari: jina, aina ya simu, saa iliyoletwa, amelipa, hajalipa. Majina yalipozidi kumchanganya, akaanza kubandika kipande cha plasta chenye namba nyuma ya kila simu, na namba hiyo akaiandika daftarini. Tangu siku hiyo hakuna aliyechukua simu ya mwenzake.

Dada, alichokifanya mtoto yule ndicho kinachofundishwa katika somo la hifadhidata: kila kitu kipewe alama yake moja isiyofanana na ya kingine, halafu kitafutwe kwa alama hiyo. Alikigundua mwenyewe, kwa haja, na hakujua kwamba kina thamani mbele ya wasomi. Nilimwambia aandike hilo, kwa maneno yake. Insha ya fomu ya Common App haizidi maneno 650, na kuna sehemu nyingine ya kueleza yaliyoathiri masomo. Humo aeleze ile miaka miwili ya mwanzo kwa sentensi chache, bila kulalamika na bila kuomba huruma.

Mwishowe alianza chuo cha jamii. Kwa kuwa alikuja kama mkimbizi, alikuwa na haki ya kupata Pell Grant, msaada wa serikali usiorudishwa, ambao mwaka wa masomo 2024–25 ulifikia hadi dola 7,395. Ada ikalipika na vitabu pia. Jioni moja nilimkuta ameinamia kipakatalishi, programu yake ya kutafuta wastani wa alama inatoa jibu lisilo sahihi na haoni kosa. Alikuwa anagawanya namba kamili kwa namba kamili, na katika lugha ya C++ ukigawanya 7 kwa 2 kwa namna hiyo unapata 3, nusu inatupwa. Alikaa nalo saa nyingi. Alipoliona alisimama, akazunguka meza, akarudi kukaa na kuandika mstari mmoja tu. Nilijua hapo kwamba ataendelea. Kalkulasi ya kwanza alipata C, ya pili akapata B. Sasa yuko chuo kikuu cha umma hapa hapa Texas, anasoma sayansi ya kompyuta, mwaka wa tatu.

Hiyo kalkulasi ndiyo ninayotaka uizungumze na mwanao, kwa upole lakini bila kuficha. Kinachowatoa vijana kwenye kompyuta katika vyuo vya huku ni hesabu, na baada ya hapo somo la miundo ya data. Uandishi wa programu wenyewe wengi huuzoea. C+ inaweza kuwa ya mtoto aliyefundishwa vibaya, na inaweza kuwa ya mtoto asiyependa hesabu. Wewe na mimi hatuwezi kujua ni ipi, ila yeye anaweza kujua. Njia ya kujua ni kujaribu sasa, akiwa nyumbani. Chuo Kikuu cha Harvard kina somo liitwalo CS50, la mwalimu David Malan, ambalo mtu yeyote mwenye intaneti husoma bure. Linaanza kwa Scratch, linaingia lugha ya C, kisha Python na SQL. Asilipie cheti. Afanye mazoezi yote, hasa ya ile sehemu ya C. Hesabu azirudie kwa Khan Academy, kuanzia kidato cha tatu na kuendelea, mpaka aifikie kalkulasi. Akifika huko na bado anaitaka kompyuta, basi anaitaka kweli.

Akigundua anapenda kompyuta pamoja na kitu kingine, asione amepungukiwa. Chuo Kikuu cha Illinois pale Urbana-Champaign kina shahada zinazounganisha kompyuta na isimu, au kompyuta na kilimo cha mazao. Mtoto mwenye A- ya Kiswahili na kichwa cha programu ana kazi kubwa ya kufanya, maana mashine zinazojifunza lugha bado hazijashiba Kiswahili.

Sasa la fedha, na hapa utaniona kama ninayemzuia. Yule kijana wa Nyarugusu ni mkazi wa Texas mwenye haki ya msaada wa serikali. Mpwa wangu angekuja kwa viza ya mwanafunzi. Pell asingeipata, ada angelipa ya mgeni hata kwenye chuo cha jamii, na kabla ya chuo kumpa fomu ya I-20 ya kuombea viza mngetakiwa kuonyesha fedha za mwaka mzima wa kwanza, ada na malazi. Mwaka huo wa kwanza haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo, na ndani ya chuo mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nimewaona vijana wa kwetu waliokuja kwa harambee ya mwaka mmoja, na wa pili wakakosa ada. Aliyekosa ada hupoteza masomo na kibali cha kukaa kwa pamoja. Sitaki mwanao awe mmoja wao, na kiwanja cha baba kisiuzwe kwa ajili ya hili.

Nimefikiria, na ushauri wangu ni aanzie nyumbani. B- inamruhusu kuomba shahada kupitia KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni. Huenda alama zake za kundi la masomo zisifikie sayansi ya kompyuta ya vyuo vinavyogombaniwa Nairobi, lakini teknolojia ya habari, au hesabu pamoja na kompyuta, katika chuo kama Technical University of Mombasa ni jambo la kuangaliwa kwa makini, na angelala nyumbani kwako. Atazame alama zilizotumika mwaka jana kwa kila kozi kabla ya kuchagua. Akikosa, stashahada hupokea kuanzia C-, na mwenye stashahada nzuri anaweza kuendelea na shahada.

Na Marekani haitakuwa imepotea. Georgia Tech, chuo cha umma kilichoko Atlanta, tangu mwaka 2014 kinatoa shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta kwa njia ya mtandao. Ni masomo kumi, gharama ya shahada nzima ni kama dola 7,000, na jina la shahada ni lile lile la waliokaa darasani. Husomwa popote, mtu akiwa kazini. Wanachoangalia kwa mwombaji ni shahada ya kwanza na alama zake. Miaka minne ya bidii hapo Mombasa ingemfikisha huko bila kupanga foleni ya viza.

Ataniuliza kuhusu kazi, maana wanasoma habari. Ni kweli Meta iliwaachisha watu 11,000 mwishoni mwa 2022 na Google ikatangaza 12,000 Januari iliyofuata, na wanaomaliza chuo sasa wanasota kuliko waliowatangulia. Kwa hiyo aingie kwa sababu anaipenda kazi yenyewe.

Niliyoyaandika msomee yote, hata ya viza. Mwambie anitumie picha ya cheti cha matokeo na anipigie Jumamosi jioni ya huko, ambayo kwangu ni asubuhi na nina nafasi. Aanze CS50 wiki hii, na swali la kwanza nitakalomuuliza litakuwa amefika zoezi lipi. Kitabu cha hesabu kikihitajika, mimi nitatuma pesa.

Nisalimie shemeji na watoto, na mama umwambie dawa zake nimeshazilipia.

Ndugu yako,
Texas