Gauni la Mama na Kigezo cha Karatasi

Mwaka 2021, taifa letu lilipokuwa likijiandaa kutimiza miaka 60 ya Uhuru wa Tanganyika, shule niliyokuwa nikifundisha iliamua kuiadhimisha siku hiyo kwa igizo fupi. Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa waigize usiku wa tarehe 8 Desemba 1961 katika mji wa bara: watu wamekusanyika uwanjani, wanangoja saa sita ya usiku ipige, bendera ya mkoloni ishushwe na yetu ipande. Mimi nilikuwa mwalimu wa ushonaji, nikapewa kazi ya mavazi. Niliipokea kwa furaha, nikidhani kuwa ni kazi ya wiki mbili. Kumbe ilikuwa kazi ya kunifundisha upya somo ambalo nilikuwa nimelifundisha kwa zaidi ya miaka 30.

Kwa wavulana hapakuwa na tabu. Kanzu, koti na kofia bado vinashonwa na kuvaliwa, na fundi yeyote anajua kuvikata. Tabu ilikuwa magauni ya wasichana. Nilikuwa na picha moja tu ya kuifuata, nayo ilikuwa ukutani nyumbani kwetu Morogoro. Ndani yake mama yangu amesimama, msichana wa miaka 21, mwalimu mpya aliyepokea mishahara michache tu maishani mwake. Amevaa gauni la pamba lenye maua madogo, ukosi mdogo wa mviringo, mikono mifupi, kiuno kimebana, na sketi pana inayoshuka chini ya magoti. Begani ametupia kanga. Picha hiyo ilipigwa wiki ile ile ya Uhuru.

Nilijiambia kuwa jambo la busara ni kutafuta kigezo cha karatasi, au pateni kama mafundi wengi wanavyosema. Vigezo vya namna hiyo, vinavyouzwa kwa saizi mbalimbali, vilianza Marekani mwaka 1863 kwa juhudi za Ebenezer Butterick, fundi cherehani wa Massachusetts. Kabla yake mama wa nyumbani aliyetaka kushona alilazimika kubahatisha, au kukuza kwa mkono mchoro mdogo uliochapishwa gazetini. Kwa miaka mingi karatasi hizo nyembamba hazikuwa na maandishi: zilitobolewa matundu, na kila umbo la tundu lilikuwa na maana yake. Siku hizi, kwa kuwa watu wengi wanapenda kushona nguo za mitindo ya zamani, vigezo vya miaka iliyopita vinachapishwa tena na kuuzwa. Ndugu yetu aishiye ng'ambo aliniletea kimoja. Juu ya bahasha palikuwa na mchoro wa mwanamke aliyevaa gauni linalofanana sana na la mama, nami niliridhika na mchoro.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliwakanya wanafunzi wangu miaka yote wasinunue kitambaa kwa kuangalia rangi tu, kisha mimi mwenyewe nikachagua kigezo kwa kuangalia picha ya bahasha. Nilikikata katika kitambaa cha rahisi cha majaribio, nikashona usiku mbili, nikasafiri nalo hadi Morogoro siku ya Jumamosi. Mama aliligeuza mikononi, akatazama mishono, akapitisha vidole kiunoni.

"Umeshona vizuri, mwanangu," alisema. "Lakini hili ni la mtu mwingine."

Nilimwuliza ana maana gani. Hakujibu. Aliinuka kwa kujikongoja, akafungua sanduku lake la mbao, akatoa chini kabisa, ndani ya kanga kuukuu, gauni lile lenyewe. Sikuwa nimepata kujua kwamba bado lipo.

Tuliyalaza magauni mawili kitandani, bega kwa bega. Kwa mbali yalikuwa mapacha. Kwa karibu hayakuwa hata binamu. La kwangu lilikuwa na nafasi kubwa kiunoni na kifuani, kwa maana waliokipanga kigezo waliwafikiria watu wa leo waliozoea nguo za kulegea. Zipu yake ilikuwa mgongoni. Ya mama ilikuwa ubavuni, tena ya chuma. Vikunjo vya kifuani katika gauni la mama vilielekea juu zaidi, kwa kuwa sidiria za siku zile ziliinua kifua kwa namna nyingine. Sketi yake ilikuwa imekatwa ili ichanuke juu ya gagulo. Yangu, bila gagulo, ilining'inia kama pazia.

Nilirudi nikasoma maelezo ya bahasha kwa makini niliyopaswa kuwa nayo tangu mwanzo. Nikatambua kwamba vigezo hivi vinavyoitwa vya zamani ni vya aina tatu. Cha kwanza ni nakala halisi: karatasi ya zamani imechapishwa tena jinsi ilivyokuwa, kwa saizi ile ile moja na maelezo yake machache. Cha pili ni kigezo kilichofufuliwa: muundo ni wa zamani, lakini vipimo vimepangwa upya kwa miili ya leo, saizi zimeongezwa, na mara nyingi nafasi imepanuliwa. Cha tatu kimebuniwa leo kwa kuiga sura ya zamani tu. Bahasha yake hutaja "mtindo" wa miaka fulani bila kutaja mwaka wa kigezo cha asili. Vyote vitatu ni halali, ila kila kimoja kina kazi yake. Anayetaka kujua nguo ya zamani ilikuwaje atafute cha kwanza. Anayetaka nguo ya kuvaa kazini atafaidika na cha pili. Mimi nilikuwa nimenunua cha tatu, nikakitarajia kifanye kazi ya cha kwanza.

Kosa la pili lilikuwa la namba. Nilichagua saizi kwa namba ninayovaa dukani. Laiti ningalikumbuka kwamba namba za nguo hazina uaminifu! Huko Marekani mwanamke mwenye kifua cha inchi 34 alielekezwa achukue kigezo cha saizi 16 katika miaka ya 1940. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaelekezwa 14. Vipimo viliporekebishwa mnamo mwaka 1968 akaelekezwa 12. Kifua ni kile kile. Namba ndiyo iliyohama. Kwa hiyo mwenye kutumia kigezo cha zamani asiulize "mimi ni namba gani," bali achukue tepe, apime kifua, kiuno, nyonga na urefu wa mgongo, kisha alinganishe na vipimo vilivyoandikwa.

Hata hivyo fundisho kubwa halikuwa kwenye bahasha. Nililipindua gauni la mama nje ndani. Fundi aliyelishona, mmoja wa mafundi waliokaa barazani mbele ya maduka ya mji, hakutumia karatasi yoyote. Mama alimwonyesha picha katika kitabu cha mitindo, yeye akampima, akachora kwa chaki juu ya kitambaa. Kitambaa kilitoka ng'ambo, kwani viwanda vyetu vikubwa vya nguo, kama kile cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968, vilikuwa bado. Upana wake ulikuwa inchi 36 tu, basi fundi aliunganisha sketi kwa vipande sita, na maua akayapatanisha kwenye mishono hata jicho lisione. Ndani ya ubavu aliacha ziada ya kitambaa karibu inchi mbili. Na hapo niliona alama za sindano, mistari miwili iliyofifia, mahali ambapo mshono ulikuwa umefumuliwa na kutolewa nje mara mbili.

"Mara ya kwanza nilinenepa kwa raha ya mshahara," mama alisema. "Mara ya pili ulikuwa wewe."

Nilizaliwa mwaka 1962. Nilikuwa nimefika umri wa kukaribia kustaafu bila kujua kwamba mimi pia nimeandikwa katika mshono wa gauni hilo.

Sasa msomaji ataelewa taabu iliyonipata. Njia ya haraka ya kupata kigezo cha kweli ni kulifumua vazi, kuvinyoosha vipande vyake kwa pasi, na kuvichora juu ya karatasi. Mwalimu mwenzangu alinishauri hivyo kwa simu. Siku za igizo zilikuwa zimebaki chache. Nilichukua wembe. Mama aliutazama, akasema, "Kama ni kwa ajili ya watoto, fumua. Ni nguo tu." Kisha akageuza uso, akatazama dirishani.

Niliuweka wembe chini. Nyuzi zile zilikuwa kazi ya mkono wa mtu ambaye hakuna anayelikumbuka jina lake. Nikizikata, hata nikishona upya kwa ustadi wote, zitakuwa zangu, si zake. Na mistari ile miwili ya ubavuni ingetoweka kabisa.

Nilirudi wiki iliyofuata pamoja na wanafunzi wanne. Tulitandika blanketi juu ya meza, juu yake karatasi ya kaki, juu ya karatasi gauni. Tulinyoosha sehemu moja moja, tukihakikisha kuwa nyuzi za kitambaa zimelala sawa na mstari tuliouchora kwenye karatasi, kisha tukapenyeza pini katikati ya mshono, kila baada ya nusu inchi, hadi zitoboe karatasi. Tulipoondoa gauni, yalibaki matundu. Tukayaunganisha kwa penseli. Kila mshono tuliupima pamoja na mwenzake unaoshonewa, kwa maana mishono miwili isiyolingana urefu haitakubali kuungana. Penye marinda tulipima upana wa chini na wa juu. Kazi ilichukua siku mbili. Wala kigezo cha kununua hakikutupwa: maelezo yake ya kutia ukosi yalikuwa mazuri kuliko niliyokuwa nikifundisha, nasi tuliyafuata.

Katika chumba cha walimu palitokea ubishi. Mwenzetu mmoja alisema kwamba tunapoteza nguvu kwa vazi la Wazungu, akatukumbusha kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Shauri lake halikuwa la kupuuzwa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga marufuku sketi fupi mno, suruali za kubana na mawigi kuanzia tarehe 1 Januari 1969, na watu walibishana sana kuhusu vazi lipi ni letu. Mwalimu atakayechagua kigezo cha sketi fupi ya mwaka ule kwa ajili ya igizo la shule na ajue kwamba hachagui urefu wa pindo tu. Anachagua upande katika ubishi ule.

Nilimpelekea mama methali ile. Alicheka. "Mwambie sikuazima. Nilinunua kwa mshahara wangu, fundi wa Morogoro akanipima, na kanga yangu ilikuwa begani." Nadhani jibu hilo linatosha. Mchoro ulitoka mbali, na kitambaa pia. Lakini namna ya kubana matumizi ya kitambaa chembamba, ziada iliyoachwa kwa ajili ya mwili utakaobadilika, na kanga iliyokamilisha vazi, hayo yalikuwa maarifa ya hapa. Ndiyo hasa ambayo kigezo cha kununua hakikuwa nayo.

Kwa hiyo walimu wenzangu, na ninyi vijana mnaopenda mitindo ya babu na bibi zenu, nawashauri msikatae vigezo vinavyochapishwa upya, ila mvihoji kabla ya kuvinunua. Ulizeni: cha asili kilitolewa mwaka gani? Kimebadilishwa nini? Vazi likishonwa litakuwa na inchi ngapi kifuani na kiunoni? Kilikusudiwa kitambaa gani na cha upana gani, na ndani yake lilivaliwa vazi gani? Mkishapata majibu, tafuteni sanduku la nyumbani mlinganishe. Tangu Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, ngoma, hadithi na methali zimekusanywa kwa bidii. Lakini katika shule zote nilizofundisha sikuona hata moja inayohifadhi mikato ya nguo. Ujuzi wa fundi wa barazani ulikuwa mkononi, si kwenye karatasi, na mkono unapozikwa hauachi nakala.

Siku ya igizo wasichana sita walivaa magauni yaliyokatwa kwa kigezo chetu, kila mmoja kwa vipimo vyake. Mama aliketi mstari wa mbele. Mwigizaji mkuu alipopita karibu naye, alimshika kwa upole, akapapasa ubavu wa gauni kwa ndani, akaikuta ziada ya kitambaa.

"Hili," aliniambia, "ni lenyewe."

Nilistaafu mwaka uliofuata. Kigezo kimebaki katika kabati la shule, kimekunjwa ndani ya bahasha ya kaki. Juu yake wanafunzi waliandika: Gauni la mwalimu, Morogoro, 1961. Limeshonwa na fundi wa barazani. Limetolewa ubavuni mara mbili.